Kuserereka kwenye korti ya udongo bila kuvunja kifundo: naombeni maarifa

RaketiMbovu (Kigali, zamani Dar)

Wakuu, habari za jioni. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu, leo nimelazimika kufungua uzi maana naandika mguu ukiwa juu ya mto.

Nina miaka 41, tenisi nimeianza ukubwani, Dar, kwenye korti ya saruji iliyopakwa rangi ya kijani mara moja kisha ikaachiwa nyufa ziendelee na maisha yao. Mwezi uliopita kazi imenihamishia Kigali. Huku wenzangu wa ofisini wanacheza kwenye udongo mwekundu. Siku ya kwanza nikacheza kama nilivyozoea: nakimbia, nafunga breki, napiga mpira. Nilipokanyaga ili nisimame, mguu ukaendelea na safari peke yake. Nikajikuta nimekaa chini kama mtu anayesubiri chai. Vijana waokota mipira wakageukia upande wa pili ili wasinicheke usoni. Wamelelewa vizuri, Mungu awabariki.

Siku ya pili nikasema nitaiga ninaowaona kwenye televisheni. Nikakimbilia mpira wa pembeni, nikaurusha mguu wa kulia, ukateleza kama nusu mita hivi, kisha kiatu kikakwama ghafla. Mwili haukukwama. Unyayo ukageukia ndani, nikasikia kitu kimevutika upande wa nje wa kifundo.

Swali langu: mtu mzima anaweza kujifunza hili jambo, au ni la waliozaliwa kwenye udongo? Na kama linafundishika, mtu anaanzia wapi?

NesiWaTudor (Mombasa)

Pole sana kaka. Kabla walimu wa tenisi hawajaja, nijibu mimi kwanza. Mara tu baada ya kuumia uliweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea? Na sasa hivi unaweza? Halafu shika kile kifupa kilichochomoza upande wa nje wa kifundo, bonyeza ukingo wake wa nyuma kuanzia ncha ya chini ukipanda juu kama vidole vinne. Fanya hivyo na kwa ndani. Kama mfupa wenyewe unauma ukiubonyeza, au hatua nne zinakushinda, funga simu uende ukapigwe eksirei. Humu hakuna mwenye macho ya kuona mfupa.

RaketiMbovu

Hatua nne niliweza, nilitoka kortini kwa miguu yangu. Mfupa hauumi, panauma mbele yake kidogo, pale penye nyama laini. Pamevimba kama andazi.

NesiWaTudor

Basi inaelekea ni kano imevutika. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Funga bandeji ya kuvutika, mguu juu. Usikandwe na mtu, hata shangazi yako mwenye mkono wa dawa, siku hizi mbili tatu. Uvimbe usipopungua baada ya siku tano, au ukianza kuhisi mguu unakulegea ukitembea, nenda hospitali. Haya, walimu karibuni.

MzeeWaSlaisi (Bujumbura)

Mdogo wangu pole. Nimecheza kwenye udongo tangu nikiwa mwokota mipira mwenye kaptula moja. Aliyenifundisha alikuwa mkali kwa maneno. Ukisema "nimeteleza" ukiwa umefanya makusudi, anakukatiza: "Umeserereka. Kuteleza ni kwa mlevi na kwa ganda la ndizi." Tulicheka, lakini hoja yake ilikuwa kwamba siku ya kwanza hukuserereka, uliteleza. Siku ya pili ulianza kuserereka, ukamalizia kwa kuteleza.

Niambie kitu kimoja. Mguu ulianza kwenda kabla hujaupiga mpira au baada?

RaketiMbovu

Baada. Nilipiga, ndipo nikaanza kwenda.

MzeeWaSlaisi

Nilijua. Mtu wa saruji huyo.

Mwanaudongo (Nairobi)

Hapo ndipo penyewe, mzee amegusa. Mimi nafundisha watoto, na huwa naanza na hilo kabla hata ya kuwapa raketi.

Kwenye korti ngumu unakimbia, unasimama, unapiga. Kwenye udongo, kule kusimama kunachukua mita moja au zaidi, na lazima hiyo mita uilipe kabla ya mpira. Unaanza kuserereka ukiwa bado hujafika, unapiga wakati safari inaisha, na mguu ule ule uliokusimamisha ndio unaokusukuma kurudi katikati. Ukiserereka baada ya kupiga, kila sentimita unayokwenda inakupeleka mbali zaidi na katikati. Mpinzani anaweka mpira kule ulikotoka, wewe bado unasafiri kuelekea uzio.

Sasa mguu wenyewe. Ninachowaambia watoto ni hiki: mguu uwe mwepesi unapoanza, mzito unapomaliza. Ukiukanyaga kwa uzito wote mwanzoni, kiatu kinachimba. Unatua kwa unyayo mzima, si kwa vidole, goti limekunjwa, kiuno kiko chini, kifua hakijainamia mbele ya goti. Mguu ukishaanza kwenda ndipo unaongeza uzito taratibu, kama mtu anayekanyaga breki ya baiskeli kwenye mteremko wa mchanga. Ule mguu wa nyuma usiunyanyue. Uache uburute kwa upande wa ndani wa kidole gumba, ndio usukani wako.

Kuhusu kifundo chako: unaposerereka kwenda kulia huku vidole vinaangalia wavu, ukingo wa nje wa kiatu ndio unaotangulia. Ukikuta kijilima cha udongo, mstari ulioinuka, au ukiuegemea tu, ukingo huo unajichimbia, na unyayo unapinduka kama ulivyopinduka. Kwa hiyo anayeanza, vidole vielekee kule unakokwenda, au angalau vigeuke nusu. Uzito uwe upande wa kidole gumba, usiwe upande wa kidole cha mwisho. Wachezaji wakubwa unawaona wameukingamisha mguu kabisa, wakiangalia wavu. Hao wamefanya hivyo mara maelfu na vifundo vyao vinajua njia. Cha kwako hakijui bado.

Ukienda mbele kufuata dropshoti, ule mpira unaodondoshwa karibu na wavu, ni rahisi zaidi, mguu unaangalia mbele. Inua vidole kidogo tu ili pua ya kiatu isichimbe. Mimi huwa naanzia hapo, mbele kwanza, pembeni baadaye.

KijanaWaMbezi (Dar)

Mkuu, hayo ya udongo sawa. Sisi tusio na udongo? Djokovic anaserereka kwenye korti ngumu kule Melbourne na New York, na Sinner naye siku hizi. Nimejaribu kwenye korti yetu ya lami, raba mpya imekatika soli upande mmoja ndani ya wiki mbili. Nyonga nayo inalalamika nikipanda daladala.

Mwanaudongo

Nyonga inakwambia acha, na wewe unatuandikia sisi 😂

BintiNyuzi (Morogoro)

Nafundisha fizikia, tenisi nacheza Jumamosi tu, lakini hili naliweza.

Sukuma kabati lililojaa vyombo. Mwanzoni linagoma, unaongeza nguvu, linagoma, halafu ghafla linaachia na kuanzia hapo linakwenda kwa nguvu ndogo zaidi. Soli ya kiatu na korti ni hivyo hivyo. Kuna kizingiti cha msuguano ambacho lazima ukivuke ndipo mguu uachie. Ukikanyaga chini ya nyonga zako, uzito wote unakandamiza soli na haiendi popote. Ukiuweka mguu mbali pembeni, sehemu kubwa ya nguvu inasukuma pembeni badala ya chini, na kizingiti kinavukwa.

Kwenye udongo kizingiti ni kifupi kwa sababu vumbi la juu linabingirika chini ya kiatu kama punje za mtama sakafuni. Kwenye korti ngumu ni kirefu sana. Ndiyo maana ukimtazama Djokovic miguu imeachana karibu kugusa chini, na anafika kwa kasi kubwa. Mcheza wa Jumamosi hana kasi hiyo wala nyonga hizo. Anafika katikati ya kizingiti, kiatu kinashika, na kasi yote inatafuta mahali pa kwenda. Mahali penyewe ni kifundo au goti.

Kwa hiyo hatari kubwa ni kujaribu nusu nusu. Anayekwenda kwa woga ndiye anayekwama.

KijanaWaMbezi

Kabati nimelielewa. Nyonga imekuwa ikinifundisha somo hilo hilo.

MzeeWaSlaisi

Mwalimu wetu wa fizikia ameeleza vizuri. Niongeze kwamba hao wanaoserereka kwenye korti ngumu wengi walianzia kwingine. Kim Clijsters, aliyekuwa akifungua miguu yote miwili kortini New York mpaka watu wanafumba macho, amekulia kwenye udongo wa Ubelgiji. Sinner alikuwa akishindana kuserereka kwenye theluji utotoni, milimani Italia. Miguu ya mtu kama huyo ilishajua kwenda bila kushika muda mrefu kabla hajaingia kwenye korti ngumu. Kijana wa Mbezi tafuta udongo kwanza. Ukikosa, jifunze hatua fupi fupi za kusimama, utacheza mpaka uzeeni.

Kichuguu72 (Dodoma)

Mmenikumbusha mbali. Shuleni kwetu korti ilikuwa ya udongo wa kichuguu. Tunavunja kichuguu, tunaponda, tunachekecha, tunamwagia maji, tunashindilia kwa pipa lililojazwa zege. Ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, juu unanyunyizia vumbi laini. Nilikuja kusoma kwamba Afrika Kusini na Australia nao walijenga korti za kichuguu, nikajua babu zetu mchwa wamechangia tenisi ya dunia.

Ila nataka kuuliza, udongo wa Paris ni sawa na huu wetu?

Mwanaudongo

Ule wa Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Paris, kusema kweli si udongo. Ni matofali yaliyosagwa, na hayazidi milimita 1 au 2 kwa unene. Chini yake kuna tabaka la mawe meupe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, na chini zaidi kokoto na mawe. Rangi nyekundu unayoiona kwenye soksi za watu ni hizo milimita mbili tu. Unaserereka juu ya vumbi jembamba lililolala kwenye kitu kigumu.

Ndiyo maana hali ya vumbi ni kila kitu. Likikauka sana linakuwa jingi na legevu, mguu unakwenda kuliko ulivyotaka. Likilowa linashika, mguu unakwama mapema. Asubuhi korti imemwagiwa maji ni korti moja, saa nane jua limekausha ni korti nyingine kabisa, hata kama ni ile ile. Mwaka 2012 Madrid walijaribu udongo wa bluu ili mpira uonekane vizuri kwenye televisheni. Nadal na Djokovic wakalalamika kwamba wanateleza ovyo, na mwaka uliofuata ukarudi mwekundu. Kama Nadal, mwenye mataji 14 ya Roland Garros, anasema hapa siwezi kusimama, wewe na mimi ni nani?

NesiWaTudor

Na hata kwenye ule mzuri wanaumia. Nilikuwa natazama nusu fainali ya Roland Garros 2022 Nadal na Zverev, mechi ya zaidi ya saa tatu na seti ya pili bado haijaisha. Zverev akaenda kulia kuokoa mpira, kifundo kikapinduka. Sauti ile sijaisahau. Akatolewa kwa kiti cha magurudumu, akarudi na magongo kumpa mwenzake mkono. Kano za nje za kifundo zilichanika, akafanyiwa upasuaji.

Halafu 2024, Djokovic na Cerúndolo, pale pale. Akateleza, goti la kulia likaumia, akamalizia mechi na akashinda, kesho yake vipimo vikaonyesha gegedo la ndani ya goti limechanika. Katika mechi hiyo aliomba korti ifagiliwe mara nyingi zaidi. Miezi miwili baadaye akatwaa dhahabu ya Olimpiki kwenye korti hiyo hiyo, lakini tusijidanganye, ana madaktari wake na sisi tuna foleni.

RaketiMbovu, mguu unaendeleaje?

RaketiMbovu

Leo siku ya tisa. Uvimbe umeshuka, rangi imebadilika kuwa ya manjano na zambarau kama embe lililoanguka. Natembea bila shida, kukimbia bado naogopa.

NesiWaTudor

Endelea kuogopa. Anza kusimama kwa mguu ule mmoja ukipiga mswaki, asubuhi na usiku. Ukiweza dakika nzima bila kuyumba, fumba macho. Hapo utajua kifundo chako kimesahau kiasi gani. Halafu hatua pana za pembeni, unakunja goti moja na kunyoosha mguu mwingine, polepole, ili misuli ya ndani ya paja izoee kuvutika ikiwa na mzigo. Wengi wanaoanza kuserereka wanalinda kifundo wanasahau kinena. Kinena kikichanika unakaa nje majuma mengi, na hata kupiga chafya unakuogopa.

Kichuguu72

Na viatu? Maana nahisi huyu ndugu alikwenda na raba za saruji.

RaketiMbovu

Umejuaje mzee 😅 zile zile za Dar, soli imeisha chini ya kidole gumba.

Mwanaudongo

Hapo ulikuwa umejiwekea mtego. Soli iliyolika upande mmoja inateleza upande mmoja na kushika upande mwingine. Kiatu cha udongo kina michoro ya zigizaga soli nzima, kama miba ya samaki, mifereji ya kina sawa kote. Inashika vumbi kiasi, inaachia kiasi, na inajisafisha. Kila baada ya pointi mbili tatu gonga soli kwa raketi, udongo ulioganda utoke. Utaona wakubwa wote wanagonga, wengine wanadhani ni mbwembwe.

Funga kamba vizuri mpaka tundu la mwisho. Mguu ukicheza ndani ya kiatu, kiatu kitasimama na mguu utaendelea.

Swahiba_Leeds (Uingereza)

Naingilia kidogo. Huku majira ya kiangazi tunacheza kwenye nyasi. Kuserereka huko je?

MzeeWaSlaisi

Usianzie huko. Nyasi mpya zina unyevu na hazikupi taarifa. Wimbledon 2021, siku moja, korti kuu moja, Mannarino aliteleza akicheza na Federer akashindwa kuendelea, na muda mfupi baadaye Serena Williams naye akateleza, akatoka analia. Binti yetu Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili kwenye nyasi hizo mwaka 2022. Kwenye nyasi hatua fupi, mwili chini, na kukubali kwamba baadhi ya mipira ni ya mwenzako.

RaketiMbovu

Wakuu, nimerudi. Wiki ya saba leo tangu niumie.

Nimenunua viatu vya zigizaga, vimenigharimu sitaki kusema, mke wangu yumo humu. Wiki tatu za mwisho nimekuwa nikienda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya watu. Kocha wa pale hakunipa mpira siku mbili za kwanza. Alichora mistari miwili kwa kisigino, mmoja wa kuanzia kuserereka na mwingine mbele yake kama hatua moja na nusu, akaniambia nifike kwenye wa kwanza nikiwa natembea kwa haraka, niache mguu uende, nisimame kwenye wa pili. Kutembea tu! Nilijisikia mjinga. Mara ya kwanza nilisimama kabla ya mstari, ya pili nikaupita, ya tatu nikapiga magoti. Kufikia mara ya ishirini hivi nikaanza kusikia ile sauti, kama mtu anachana karatasi polepole. Nikikosea sauti inakatika. Nikipatia inakuwa moja mpaka mwisho.

Siku ya tatu akawa ananirushia mpira kwa mkono, naudaka badala ya kuupiga, ili nijue mwili uko wapi safari inapoisha. Raketi nimepewa wiki ya pili.

Mwanaudongo

Huyo kocha mshike asikuponyoke. Wengi wanakupa raketi na kukupigia kelele "slaidi, slaidi", basi.

KijanaWaMbezi

Na mechi umeshacheza?

RaketiMbovu

Jana. Seti ya kwanza sikuserereka hata mara moja, niliogopa nikacheza kisaruji. Seti ya pili jamaa akaniwekea dropshoti, na mimi bila kufikiri nikaenda mbele, mguu ukaanza kwenda hatua mbili kabla ya mpira, sauti ya karatasi, nikafika nikiwa nimesimama, raketi chini ya mpira kabisa. Sikuamini. Nikashangaa muda mrefu kiasi kwamba nikaupiga wavuni.

Lakini nilikuwa nimesimama. Vijana wa kuokota mipira safari hii hawakugeuka.

NesiWaTudor

Hongera kaka. Kifundo usiku kilivimba?

RaketiMbovu

Kidogo sana, asubuhi kimeshuka.

NesiWaTudor

Basi pumzika siku mbili, endelea na mswaki wa mguu mmoja.

MzeeWaSlaisi

Hongera. Swali la mwisho. Mlipomaliza, nani alivuta mkeka wa kusawazisha udongo?

RaketiMbovu

…Tuliondoka tu mzee. Giza lilikuwa linaingia.

MzeeWaSlaisi

Kile kijilima ulichokiacha pale ulipoishia kuserereka, kesho asubuhi kuna mtu atakikanyaga kwa ukingo wa nje wa kiatu.

RaketiMbovu

Navaa viatu. Kortini ni dakika kumi kwa pikipiki.